Soksi za Kijivu Ulizonifumia

Kambi ya mbwa, upande wa Maua

Kwako Mama Wawira, mke wangu wa kwanza na, mpaka sasa, wa mwisho,

Natumaini barua hii imekukuta shambani ukichuma chai na mgongo haukusumbui. Baridi ya Kibugu ikoje? Na goti la mama yako limekubali dawa, ama bado linatabiri mvua? Mimi ni mzima. Meno ni yale yale sita, na bado nayatumia kusengenya watu.

Umeniuliza kwa simu mara tatu soksi zako ziko wapi, nami nikajifanya mtandao umekatika. Haukukatika. Huku kambini kila ukuta una mtu nyuma yake, na hii maneno si ya kusikika. Vumilia tu mwandiko wa mtu wa darasa la nne, na usinisahihishe.

Soksi nilimpa Koplo Kirimi, yule askari wa Popi, kwa sababu viatu vyake huingiza maji. Popi ni mbwa wa polisi, mkubwa kama ndama, na mimi ndiye mpishi wake. Lakini chakula hali kwa amri yangu. Alifundishwa hivyo ili wezi wasije wakamlisha sumu. Naweka bakuli, anakaa, mate yanamtoka mpaka chini, na hagusi mpaka Kirimi aseme, "Kula." Hata Kirimi achelewe saa nzima. Wewe hujawahi kuningoja mezani dakika tano.

Sasa kuna mtu wa stoo, Sajenti Mutwiri, yule ambaye tumbo lake hufika kazini kabla yake. Nyama ya kulisha mbwa ikiletwa, anapunguza nusu, anaificha nyumbani kwake hapa kambini, kisha inaenda bucha ya shemeji yake. Popi akaanza kuonekana mbavu. Kirimi akauliza mbele ya watu wote. Mutwiri akageuza maneno, akasema wanaokula ni Kirimi na mimi.

"Huyu mzee wa Embu," akasema, "anakula sahani moja na mbwa, na anayenawa mikono ni mbwa."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, Mama Wawira. Nilicheka nikimtazama shingo.

Kirimi akanyang'anywa Popi, akapelekwa kulinda geti huko Nkubu. Popi akapewa askari mwingine. Huyo akamwambia ale kwa Kiswahili, kwa Kimeru, mwisho kwa kubembeleza. Popi akanywa maji tu na kutazama barabara. Daktari wa mifugo akasema asipokula mpaka Jumatatu, atadungwa sindano ya kummaliza.

Jumamosi akaja Mkubwa kutoka makao makuu kukagua mbwa. Nyama ililetwa asubuhi hiyo hiyo, na Mutwiri, tamaa haijui wageni, akajaza gunia lake, akaliacha nyuma ya stoo akienda kupiga viatu rangi. Kirimi alikuwa ameacha soksi zako chini ya kitanda chake hapa kambini, hazijafuliwa, Mungu ambariki. Moja nikaitumbukiza ndani ya gunia, katikati ya mbavu za ng'ombe. Mutwiri akaja akalibeba mwenyewe mpaka kwake, akafunga mlango.

Popi akaletwa uwanjani atafute leso iliyofichwa. Akainua pua mara moja, kisha akamburura yule askari kama mkokoteni, akampita Mkubwa bila saluti, mpaka mlangoni kwa Mutwiri. Akakwaruza, akalia.

"Fungua," Mkubwa akasema.

"Mke wangu ameenda na ufunguo, afande."

Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwa mshipi wake.

Popi aliingia, akapasua gunia, nyama ikamwagika yote sakafuni. Siku tano hajala. Aliiruka ile nyama, Mama Wawira. Hakulamba hata damu. Alichukua soksi, akalala, akaweka kichwa juu yake. Hakuna aliyecheka.

Mkubwa akasema kwa sauti ya chini, "Mleteni mwenye hii soksi."

Kirimi alifika mchana. Alisema neno lake moja, na nikapika sufuria mbili.

Mutwiri amenyang'anywa stoo, anangoja kesi. Wakati anangoja, amepewa kazi ya kunisaidia jikoni. Jana alikuja amekunja kofia, akaniomba nimsemee kwa Mkubwa. Nikamwambia, "Muombe Popi. Mimi hunawa baada yake."

Kila asubuhi yeye ndiye hubeba bakuli, anainama nalo mbele ya Popi, na haruhusiwi kuinuka mpaka mbwa aanze kula. Kirimi huja polepole. Nimemwomba mimi mwenyewe apitie njia ya mbali. Nami nakaa kwa jiwe na kikombe changu cha chai, nahesabu jasho la Mutwiri.

Nisalimie mama yako mwenye goti, kaka yangu anayetutunzia ng'ombe, na Wawira binti yetu, mwambie aandike. Barua hii ichome, maana mpaka leo hawajui nani aliweka soksi.

Moja iko kwa ofisi ya Mkubwa, ni ushahidi. Ya pili Kirimi alimpa Popi, anailalia na haachii mtu. Kwa hivyo fuma jozi nyingine, ya Kirimi. Mimi usinifumie. Tangu Jumamosi miguu yangu haijasikia baridi.

Ni mimi mzee wako mbaya,
Baba Wawira