Baba, Kaka Hamisi Hakukuomba Radhi

Kwako Baba uliyelala kaburini Misima,

Shikamoo. Kuna jambo nililokuficha mpaka ukaondoka. Naliandika leo hapa Manundu, Korogwe, mezani pangu, madaftari ya Kiingereza ya wanafunzi yakinisubiri.

Unakumbuka ghala letu la mahindi lilipoungua? Ulisimama mbele ya majirani ukasema Kaka Hamisi ndiye aliyelichoma kwa sigara zake. Alikana, hukumsikiliza. Kesho yake akaenda Arusha, akapata kazi hotelini, na kwa miaka miwili hakuna aliyethubutu kumtaja mbele yako.

Ndipo ukaja ule ujumbe kwenye simu ya Mama. Kaka aliuandika kwa Kiingereza, na mwenye Kiingereza nyumbani nilikuwa mimi tu, mtoto wa darasa la sita. Nilielewa kwamba anataka uambiwe kitu, ila kitenzi kimoja kilinishinda: *miss*. Nikakimbilia kamusi ya shule. Imeandikwa: kosa. Nikaja mbio hadi mkekani ulipokuwa unapukuchua mahindi.

"Baba, Kaka anasema amekukosa."

Mikono yako ilisimama. "Rudia."

"Amekukosa."

"Kasema mwenyewe?"

"Ndiyo, Baba."

Ukasema, "Mwambie arudi nyumbani."

Kwako wewe, mtu mzima wa Handeni, anayesema amekukosa amekiri kwamba alikutendea vibaya. Siku alipofika, alipokwisha kukuamkia tu, ulinituma kisimani. Niliporudi mlikuwa mnakula sahani moja, na Mama amejifunika uso kwa kanga jikoni, analia kwa furaha.

Nilipokuwa chuoni ndipo nilipoujua ukweli. Mwalimu wetu alitueleza kwamba kitenzi kile ni cha kale sana huko Uingereza. Mwanzoni kilikuwa cha kutupa kitu kisimpate uliyemlenga. Baadaye kikawa cha kukosa basi au kukosa kipindi darasani, na mwisho kikaingia moyoni: mtu hayupo, nawe unaiona nafasi yake tupu. Wenzangu walikuwa wakiandika. Mimi niliweka kalamu chini. Kaka hakuwa amekiri kosa lolote. Alikuwa na hamu na wewe, basi, na akaona aibu kumwambia baba yake kwa Kiswahili.

Nilitaka kukwambia, Baba. Kila likizo nilikuja na maneno tayari mdomoni, nikawakuta mnapalilia pamoja, nikayameza. Niliogopa ukijua hakuomba radhi hasira zitarudi. Wanafunzi wangu hapa Korogwe wanaambiana "nimekumiss" asubuhi na jioni bila kufikiri, na mimi kila nikilisikia neno hilo nilijiona mwongo.

Mwezi uliopita tulikuwa barazani kwako, mimi na Kaka. Nikamweleza yote. Alicheka sana mwanzoni. Halafu akanitazama.

"Kwa hiyo Baba alidhani nimeomba msamaha?"

"Ndiyo. Nisamehe, Kaka."

"Ngoja kwanza. Siku ile ulipokwenda kisimani, unajua aliniambia nini? Alinishika mkono akasema, 'Na mimi nilikukosa, mwanangu. Nilikukosa mbele za watu.'"

"Wewe ukaelewaje?"

"Nilidhani anasema kwenye harusi na misiba alikuwa ananitafuta asinione. Nikamwambia yameisha, Baba, nimesharudi. Miaka yote hii nimekuwa nikijisemea, Baba alinipokea, lakini lile la ghala hajalifuta. Amekufa ananiona mchomaji."

Nilimwambia taratibu, kama ninavyomwambia mwanafunzi aliyekaribia jibu, kwamba ulikuwa unamwomba radhi. Kwa kumsingizia ghala lile mbele ya majirani wale.

Alilia kama mtoto, mtu mzima mwenye mvi, na mimi nikamwacha alie. Tangu tulipokuzika, Baba, Kaka hakuwahi kurudi kaburini kwako. Kila tukienda alikuwa na udhuru wake. Siku hiyo alipofuta macho aliuliza jembe liko wapi. Alikupalilia kaburi peke yake mpaka adhuhuri, na aliporudi alisema mwezi ujao anawaleta wanawe wakusomee dua.

Pumzika salama, Baba. Nyumbani hakuna tena anayekudai neno.

Kitindamimba wako