Ngumi Mbili Mlangoni

Jumatatu, 4 Machi
Umeme umerudi saa nne. Nimemaliza kufundisha biolojia, nikafungua kompyuta, nikaendelea kuchagua chembe. Picha za kijivu, kama unga uliomwagika. Protini ziligandishwa ghafla, zikapigwa picha kwa hadubini ya elektroni kule Ulaya nilikosomea. Mimi huku Bunia nazungushia kila chembe duara. Macho yanauma. Bado naipenda kazi hii.

Jumatano, 6 Machi
Umbo limetoka. Mfereji wa potasiamu wa moyo, yaani protini inayotoa potasiamu kwenye seli, wenye kasoro niliyo nayo mimi. Madaktari waliikuta kwenye damu yangu mwaka jana, baada ya kuzimia kanisani ngoma ilipopigwa ghafla. Nimeuweka juu ya mfereji usio na kasoro, niulinganishe. Kipande kimoja kimepinda, kinabana njia. Potasiamu inatoka kwa shida, moyo unachelewa kujiweka sawa kwa pigo linalofuata. Kelele ya ghafla inaweza kuuvuruga hadi usimame.

Kelele ya ghafla. Nimeacha chakula mezani.

Alhamisi, 7 Machi
Kasoro hii hurithiwa. Dada yangu Neema. Wakati wa vita. Shangazi Vero alikuja kutuambia tukimbie, akapiga mlango kwa ngumi mbili. Neema alikuwa amelala. Akainuka, akaanguka, akafa. Hakuna risasi, hakuna damu. Ukoo ukakaa, ukasema uchawi. Nilikuwa na miaka tisa. Waliniuliza nani aligonga. Nikanyoosha kidole. Wakamfukuza hadi Boga. Sijamwona tena.

Hakuwa mchawi. Naona aibu.

Ijumaa, 8 Machi
Kuna baya zaidi. Picha hii inamsafisha shangazi, na inamwambia pia kwamba ngumi zake ndizo zilizousimamisha moyo wa Neema. Nimvue uchawi, nimvike hilo? Naichukia hadubini. Najichukia mimi.

Jumapili, 10 Machi
Baada ya ibada nimemwonyesha baba. Nikamweleza kipande kilichopinda, na jinsi kelele inavyousimamisha moyo.

“Kumbe tulimufukuza bule.”

Akakaa chini. Sijawahi kumwona hivyo. Baadaye akampigia dada yake simu mwenyewe, akamwomba aje. Kumweleza mambo ya moyo ameniachia mimi.

Ijumaa, 15 Machi
Barabara ya Boga imetulia wiki hii, hakuna mashambulizi. Nilitoka kumwaga maji, nikamkuta shangazi uani, mfuko miguuni, vumbi la pikipiki usoni. Sijui alisimama pale tangu saa ngapi. Nikamwuliza kwa nini hakugonga.

“Toka siku ya Neema sigongake tena mulango ya mutu. Nasimamaka tu, mpaka banione.”

Alijua kwamba ni ngumi zake. Miaka yote hii.

Nikamwambia yote, pamoja na kidole changu. Nikamwambia kwamba mfereji huo ninao na mimi. Hakulia. Alitafuta simu yake mfukoni, akazima mlio, akaniuliza majani ya muhogo ya kupika sombe yako wapi.