Siku Nilipoinua Chupa ya Kalsiamu

Mjukuu wangu Wanjiru,

Natumaini masomo yanaendelea vizuri. Huku Rongai tuko salama, na mahindi yamebeba.

Umeniuliza kama naweza kuamini kwamba kalsiamu, hiyo mnayoichunguza kwenye seli za moyo, inaweza kuvuruga mapigo. Naamini, kwa sababu niliona.

Nilikuwa nimeolewa juzi tu, Mau Narok. Ng'ombe wa pekee wa mama mkwe alizaa, na kesho yake akashindwa kuinuka, masikio yamekuwa baridi. Daktari wa mifugo alisema maziwa yamemaliza kalsiamu kwenye damu. Akamdunga mshipa wa shingo, akaunganisha sindano kwa mpira na chupa ya kalsiamu, akanipa chupa niishike, naye akawa anasikiliza moyo.

Nilimwonea huruma yule ng'ombe. Nikainua chupa juu ili dawa iingie haraka.

"Shusha, mama! Moyo unarukaruka!" daktari akapaza sauti.

Nikashusha. Tulingoja mpaka mapigo yakarudi sawa. Daktari akanieleza kwamba kalsiamu ndiyo huuambia moyo ujikaze, lakini ikizidi ghafla, moyo hupoteza mpangilio. Tukaendelea polepole. Mwishowe ng'ombe akasimama.

Mama mkwe, aliyekuwa jikoni muda wote huo, alikuja akanishika mkono. "Umetuokolea ng'ombe," akasema.

Daktari alinitazama, akakunja mpira wake. Nami sikumsahihisha. Mama mkwe alifariki bila kujua kwamba nilikaribia kumuua ng'ombe wake kwa huruma yangu ya haraka. Wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa.

Nakuombea kila siku.

Shosho wako