Safu ya Wasiojulikana Walipo

Mjukuu wangu Kokugonza,

Natumaini umeamka salama huko Dodoma. Huku Kaagya tupo. Babu yako bado anakohoa, na kahawa imeanza kuiva.

Unasema kompyuta imekutolea jedwali la wagonjwa waliofuatiliwa mwezi kwa mwezi, nalo ni pana kuliko ukurasa. Unauliza kama uifute safu ya wasiojulikana walipo. Swali hilo limeninyima raha tangu juzi, waitu, mjukuu wangu.

Miaka ile ya UKIMWI nilikuwa nikitembelea wagonjwa kule Izigo. Daftari langu nililipiga mistari kwa rula: jina, mwezi, yupo, amefariki. Siku moja nilikuta nyumba ya mama mmoja imefungwa, na kaburi jipya kibanjani, katikati ya migomba. Nikachora msalaba mbele ya jina lake, nikaenda zangu. Nyumba zilikuwa nyingi.

Baada ya mavuno mama yule akanisimamisha sokoni, amekonda.

"Mama, mbona huji tena kuniona?"

Kaburi lilikuwa la mumewe. Yeye alikuwa amerudi kwa baba yake, kama wajane wetu wanavyofanya. Dawa yake ya vidonda nilikuwa nimeshampa mwingine.

Nilipofika nyumbani nilifungua daftari. Misalaba ilijaa, na sikuweza kukumbuka ni upi niliouchora baada ya kuzika mtu, na upi baada ya kukuta mlango umefungwa. Mpaka leo sijui.

Punguza ukubwa wa maandishi, mama, lakini safu hiyo iache. Mimi sikuwa nayo.

Bibi yako