Kagua Matimba, Kila Wiki Mbili

Jumatatu, 7 Juni 2021
Leo nimeunganisha orodha ya kazi na kalenda, kwenye simu yangu na ya Wangwe, fundi wa matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za duara letu, shimo la machimbo. "Kagua matimba" itajirudia kila wiki mbili, kuanzia Jumatatu ijayo. Simu ikauliza: ihesabu kuanzia tarehe iliyopangwa, au siku kazi ilipofanyika? Nikachagua siku ilipofanyika. Bosi Mseti kafurahi. Wangwe kauliza, dada, nani ataweka alama ya kumaliza? Mimi, nani mwingine! Wewe simu yako ni ya kuangalia mpira tu.

Jumatatu, 14 Juni
Msiba, jirani yetu Mokami. Hapa mtu akifa hakuna anayeshuka shimoni mpaka azikwe. Sawa. Lakini mchungaji anaomba, simu yangu — kagua matimba! Mara tatu! Watu wote shingo kwangu. Nikaweka alama imefanyika, ikanyamaza. Wangwe pembeni: lakini dada, hatujakagua. Nikamwambia, unataka nimkague marehemu?

Jumatano, 16 Juni
Mvua ya usiku. Wangwe kaja tena. Kwenye simu yake kazi imerukia tarehe 28. Anaomba nusu siku, akague kabla watu hawajashuka. Mseti anataka mawe yakasagwe karashani kesho! Nikasema mbele ya wote: mura, simu ina akili kukuzidi. Kama unaogopa, kakae na mkeo mkaange vitumbua. Walicheka hao! Kashuka. Nilisikia raha, sifichi.

Alhamisi, 17 Juni
Duara limeporomoka asubuhi. Wawili wametoka. Wangwe bado.

Mseti kauliza, nani alikagua? Nikamwonyesha simu: imefanyika, tarehe 14. Na fundi ni Wangwe. Kaguna tu, kaamini.

Jioni kaja Agustina, mke wake, na simu ya mumewe aliyoiacha kwenye koti. Hajui kusoma. Dada Honoratha, wanasema mume wangu ndiye aliyezembea — mwenyewe aliniambia simu huandika jina la aliyeweka alama. Nisomee, hapa ni nani?

Jina langu, herufi kubwa.

Nimemsomea: Wangwe. Kakaa chini kwenye matope.

Sasa hivi wanapiga kelele huko duarani. Chini kuna mtu anagonga chuma! Agustina anacheka na kulia, ananikumbatia, ananiambia tumshukuru Mungu. Mseti anasema chimbeni, akitoka mzima atatueleza mwenyewe.

Anagonga. Anagonga bado —