Choo Kiko Juu, Mama

Mama,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yako. Nivumilie.

Nimepata kazi katika karakana ndogo ya kushona yunifomu za shule, Komarock. Siku ya usaili nilifika na kiti changu cha magurudumu, nikakuta karakana iko ghorofani. Wenzangu walipanda ngazi. Mimi nilibaki chini mpaka mwenye karakana, Bwana Ndung'u, aliposhuka kwenda kula. Alinitazama miguu kabla ya uso.

“Pole, siste. Hii ni biashara ndogo. Mambo ya walemavu ni ya makampuni makubwa.”

Ungekuwepo, ungemwambia, “Asante, baba, Mungu akubariki,” kisha unibebe mgongoni turudi nyumbani Mowlem. Shuleni ilikuwa hivyo, kanisani hivyo. Uliomba radhi kila mahali kana kwamba tumeiba. Nilichukia kila “samahani” yako, Mama. Sikukuambia.

Basi nilimwambia yeye. Nilimwambia sheria inamtaka hata mwajiri mdogo abadilishe kile anachoweza, na yeye ana stoo ya vitambaa hapo chini. Ashushe cherehani moja ya umeme, pedali aiweke mezani. Naibonyeza kwa kiwiko. Alinuna, lakini akamwita Nafula, fundi wake mkuu, wakaishusha. Nilishona kola moja. Akaigeuzageuza, akaniambia nianze Jumatatu.

Ningependa barua iishie hapo. Lakini choo kiko juu. Tangu nianze kazi sikuwa nikionja maji mpaka nifike nyumbani. Nilipomweleza saa ya kutoka, alisema mbele ya wote walioshuka, “Si nimekupa chumba? Sasa unataka nikujengee nyumba?” Walicheka. Nafula hakucheka.

Jioni ile mkojo ulinishinda nikiwa langoni petu. Mtu mzima, Mama. Majirani wakitazama.

Kesho yake nilimwambia Bwana Ndung'u kwamba jirani yake wa duka la dawa ana choo hapo chini, na amekubali nikitumie. Kilichobaki ni yeye kuweka mteremko wa saruji kwenye kizingiti cha duka hilo, kiti changu kipite. Akajibu, “Tutaona.” Nikamwambia sishoni mpaka aone. Nafula, aliyetusikia akiwa ngazini, akapanda akazima cherehani yake. Kisha nikasikia na nyingine za juu zikizimika, moja baada ya nyingine, na wateja wanasubiri sketi zao. Kabla ya jioni mwashi alikuwa anakoroga saruji.

Watu wananiambia nishukuru. Sishukuru. Kwenda chooni si zawadi.

Lala pema sasa, Mama, mgongo wako upumzike. Ulinibeba kwa sababu hakuna aliyetutengenezea njia, na hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko radhi zako zote.

Nafula ana binti kiziwi anayesomea ushonaji. Siku atakapokuja kuomba kazi, hatasubiri chini peke yake. Nimemwahidi mama yake, na sasa nakuahidi wewe.

Mwanao,
Nekesa