Kalamu ya Kushika Kama Kambale

Baba Milembe,

Shinyanga hamjambo? Mimi mzima, ila nimefura.

Hapa Runzewe jua linachoma. Sisi tunaokereza kalamu za mbao kwa kujifurahisha tumekaa uani, tunatafuna michembe ya viazi na karanga. Utaratibu wetu ni huu: kalamu yako inazungushwa, na kila mtu anaandika nayo ukurasa mzima kabla ya kufungua mdomo. Yangu ya mninga, niliyoipaka vanishi mpaka ikawa kioo, ilianzia kwa mama mmoja muuza dagaa wa Nkome. Akaandika, akafuta vidole kwenye kanga, akaandika tena.

"Mayu, mama, kuitazama ni nzuri," akasema. "Kuandikia, ni kama kushika kambale."

Wakacheka wote! Nikamwambia labda mikono yake ndiyo ina mafuta ya dagaa. Hakununa, alinisogezea karatasi tu. Nusu ukurasa sijafika, jasho kidogo, vidole vyangu vikateleza mpaka kwenye ncha.

Hasira yangu si kwake. Ni kwako! Unayo kama hiyo, niliyokukerezea tangu Pasaka. Kanisani unaichomeka mfukoni, ukitaka kuandika unaazima ya Milembe. Na mimi nikadhani unaitunza! Kila nikikuuliza: "Safi sana, mke wangu."

Kadi hii nimeiandika kwa kalamu ya yule mama. Ona mwandiko ulivyotulia.

Nakupenda, na msasa wa kukwangua vanishi nimeshanunua. Ile yako iweke mezani. Nikifika utaandika nayo ukurasa mzima mbele yangu, ndipo ufungue mdomo.

Mama Milembe